Vumbi Jekundu Chini ya Mnara wa Prouvelles

Saa moja na robo asubuhi. Ukungu bado umelalia malisho, na ng'ombe wa kijiji cha Prouvelles wanasikika tu bila kuonekana. Nyuma ya turubai la kijani linalofunika mnara wa kanisa, nyundo inagonga patasi: ko, ko, ko. Inanyamaza. Kipande cha saruji chenye urefu wa kidole kinadondoka ndani ya ndoo.

Régine Wattelet yuko ngazi ya nne ya jukwaa la mabomba, mita kumi na nne kutoka ardhini, amepiga goti moja. Ana miaka 57 na mabega ya mtu aliyebeba ndoo tangu utotoni. Nyusi zake ni za kijivu akishanawa jioni. Asubuhi hii zimeshakuwa nyekundu kwa vumbi la matofali.

"Sikiliza," anasema, anagonga mara mbili. Ya kwanza juu ya saruji: mlio mkali, kama wa sahani. Ya pili juu ya tofali la pembeni: hakuna mlio. Uso wa tofali unamomonyoka na kumwagikia kiatu chake.

"Umesikia? Saruji iko hai, tofali limekufa. Ilitakiwa iwe kinyume."

Kutoka chini inapanda sauti ya mwanamke. "Wewe Régine! Kahawa inapoa! Au unataka niilete huko juu na magoti yangu haya?"

"Ilete, Mama Lucienne!"

"Nitakuletea jeneza lako! Shuka!"

Huyo ni Lucienne Bruyelle, miaka 76, mtunza ufunguo wa kanisa. Ufunguo wenyewe una urefu wa kiganja na huning'inia jikoni kwake kando ya kalenda anayoandikia hesabu ya maziwa. Tangu mwezi wa nne, kila siku ya kazi, analeta birika la kahawa iliyochanganywa na mizizi ya chikori, na kila siku anatukana jukwaa.

Kazi ya Régine ni ya uashi, na mwaka huu kazi hiyo ni moja tu: kutoa saruji yote iliyojazwa kati ya matofali ya mnara huu, mstari kwa mstari, na kurudisha chokaa mahali pake. Anatoa kwa patasi ya mkono, kwa sababu mashine ingekata tofali lenyewe. Siku nzuri anamaliza mita mbili za mraba. Siku ya mvua hamalizi kitu.

Saruji hiyo aliiweka baba yake.

Nimezaliwa vijiji vitatu kutoka hapa, na wakati huo nilikuwa mtoto, lakini sikukuu ile naikumbuka. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1983. Mvua ilikuwa ikiingia mnarani, chokaa ya zamani imekuwa unga, na baraza la kijiji likamwita Anselme Wattelet, mwashi pekee wa Prouvelles. Kwa chokaa kazi ingekula kiangazi chote na nusu ya kinachofuata. Anselme akaenda mjini, akarudi na lori la saruji na mashine ya kuchanganyia iliyonguruma hadi kwenye malisho ya mbali. Wiki tano akawa amemaliza. Siku ya sikukuu ya kijiji bendi ilipiga, watu wakasimama chini ya mnara wakapiga makofi, na meya wa wakati ule akampa pipa la mvinyo wa matufaha.

"Alisema itakaa miaka mia," anakumbuka Lucienne akimimina kahawa. "Na sisi tulimwamini. Nani hamwamini Anselme? Nyumba zetu zote kazijenga yeye."

"Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta," anadakia Régine. "Mimi baba yangu aliuziba ufa, ndiyo maana najenga ukuta."

Wanacheka wote wawili, kisha Régine anageuka kuangalia barabara ya kiwanda cha zamani cha maziwa. Huko mwisho wa barabara iko nyumba ya wazee. Dirisha la tatu kutoka kulia ni la Anselme, mwenye miaka 88, na linatazama mnara moja kwa moja.

Mzee hajui kinachofanyika nyuma ya turubai.

Kwa nini saruji inaua tofali? Mwulize mwashi yeyote leo atakujibu, lakini miaka ile waashi wa kwetu karibu wote walikosea hivyo hivyo, na wengi walipigiwa makofi. Régine anaeleza kwa namna yake. "Tofali la zamani linatoka jasho. Linakunywa mvua, kisha linaitoa. Chokaa ni shati la pamba, inaachia. Saruji ni koti la mvua. Sasa mvalishe mtu koti la mvua miaka arobaini, halafu umvue uone ngozi."

Maji yakikosa njia kwenye maungio ya matofali hubaki ndani ya tofali. Januari inakuja, maji yanaganda, na tofali linapasuka uso. Vuli ya mwaka juzi, kwenye mazishi ya mfugaji mmoja, kipande chenye ukubwa wa mkate kilianguka hatua mbili kutoka kwenye jeneza. Kesho yake kanisa likafungwa. Tangu hapo wafu wa Prouvelles wanasaliwa kwenye ukumbi wa michezo, chini ya wavu wa mpira.

Na hilo linauma, jamani. Kijiji kina watu 212. Shule imefungwa, duka limefungwa, kiwanda cha maziwa kimekuwa ghala la matairi. Padri ana vijiji thelathini na huja hapa mara mbili kwa mwaka. Lakini mnara ni mnara. Ukirudi kutoka popote ulikokwenda kutafuta riziki, ukipanda kilima cha mwisho, ni huo unaokwambia umefika.

Lucienne anatufungulia. Ndani kuna harufu ya nta na unyevu. Kwenye kona, chini ya kifuniko cha mbao, kipo kisima. Mtu akiona kisima kanisani ajue watu waliolijenga hawakuwa wanafikiria sala peke yake.

Walikuwa wakulima, miaka mia nne iliyopita. Hawakuwa na bwana mwenye ngome ya kuwaficha, na mpaka wa falme mbili ulikuwa karibu, na majeshi yalipita yakienda na yakirudi. Ya mfalme wetu yalichoma mazizi sawasawa na ya mfalme wa Hispania. Basi wakachimba udongo wa mfinyanzi pale ambapo leo pana bwawa, wakachoma matofali kwenye malisho, na wakageuza kanisa lao kuwa boma. Msingi ni wa jiwe mpaka kifuani. Kutoka hapo kwenda juu ni tofali tupu, ukuta wenye unene wa mita moja na nusu, minara miwili midogo ya mviringo kwenye pembe, na matundu membamba ya kupitisha mtutu wa bunduki.

Matofali yaliyokaa karibu mno na moto yaliungua yakawa meusi yenye kung'aa. Mtu mwingine angeyatupa. Wao waliyapanga ukutani yakachora almasi kubwa kumi na moja na moyo mmoja. Moyo huo uko upande wa makaburini, na hakuna ajuaye uliwekwa kwa ajili ya nani.

"Nikiwa mdogo nilidhani ni wangu," anasema Régine.

Ngazi ya kwenda juu inajizungusha na ni nyembamba kiasi kwamba mtu mmoja tu anapita, tena kwa ubavu. Waliifanya hivyo makusudi: mzee mmoja mwenye uma wa nyasi angeweza kuzuia kikosi kizima. Juu kuna chumba kikubwa chenye meko, na tanuri la mkate lililojengwa ndani ya ukuta. Kijiji kizima kiliingia humu, pamoja na watoto, kuku na mbegu za msimu ujao. Ng'ombe walibaki chini, mbele ya altare.

Régine anapitisha kidole ukutani bila kutafuta; anapajua. Mistari kumi na tisa imekwaruzwa kwa kisu kwenye tofali moja, siku kumi na tisa za mtu aliyesubiri. Chini kidogo kuna tofali lenye alama ya mguu wa mbwa aliyelikanyaga likiwa bado bichi.

"Baba alinileta humu nikiwa na miaka saba. Akaniketisha kwenye meko, akaniambia, 'Hawa hawakuwa mafundi, Régine, walikuwa wenye hofu. Ona walivyojenga.' Nikamwambia nataka kuwa fundi. Alicheka mpaka akakohoa."

Hakumruhusu kupanda jukwaa. Alimruhusu kuchekecha mchanga, kuosha miko, kusukuma toroli. Kiangazi cha saruji Régine alikuwa na miaka 16, na ndiye aliyelisha ile mashine. Alipofikisha 24, mgongo wa baba ulianza kumsaliti, na hapo ndipo alipopanda kwa mara ya kwanza, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo ni miaka thelathini na mitatu.

Mwezi mzuri anapata euro 1,700. Majira ya baridi chokaa haifanyi kazi, maana ikiguswa na theluji kabla haijakauka inageuka unga. Basi kuanzia Novemba hadi Machi Régine anakarabati meko za watu na kusaidia kukamua ng'ombe kwa shemeji yake. Kuhusu chokaa alijifunza akiwa na miaka arobaini, kwa mwashi mmoja wa upande wa pili wa mpaka, kila Jumamosi kwa miaka miwili. Baba alimwuliza anakokwenda. Yeye akajibu: kwenye dansi.

"Dansi, na suruali ya kazi?" anauliza Lucienne.

"Hakuuliza tena. Nilidhani hakujali."

Anachokitamani, anakisema bila kuona haya. "Wateja wananiita fundi. Meya ananiita fundi. Yule mwashi wa mpakani aliniita fundi baada ya miezi miwili tu. Baba yangu ananiita 'binti'. 'Binti, ukuta huu umepinda.' 'Binti, leta mwiko.' Mimi nitazikwa nikiwa binti."

Kila Jumapili saa tisa alasiri anakwenda nyumba ya wazee. Kila Jumapili mzee anauliza swali lilelile kabla ya salamu: "Inashika?"

"Inashika, baba."

"Saruji yangu?"

"Inashika."

Kuhusu turubai alimwambia wanatengeneza paa la kengele. Kijiji kizima kilielewa bila kuambiwa, na kwa miezi sita hakuna aliyeropoka, jambo ambalo kwa Prouvelles ni muujiza unaostahili kuandikwa Roma. Lakini turubai linashushwa tarehe 31 Oktoba. Siku inayofuata ni ya Watakatifu Wote, siku ambayo wote walioondoka hurudi na vyungu vya maua kwa ajili ya makaburi yao, na meya ameahidi kanisa litakuwa wazi. Maungio ya kijivu yatakuwa yamekuwa meupe. Mtu aliyefanya uashi miaka hamsini akitazama dirishani hatahitaji miwani.

"Atajua kwamba nimemfuta," anasema Régine. "Kazi yake kubwa kuliko zote. Nimeifuta kwa nyundo yake mwenyewe."

Lucienne anakunja shali yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Utamwambia wewe, au atamwambia yule muuguzi anayenunua maziwa kwangu na mdomo wake kama kengele?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi? Ulisema Pasaka!"

Kuna jambo lingine, dogo, ambalo Lucienne analileta akiwa anakusanya vikombe. Mwezi wa nne, Régine alipoanza kazi, chini ya mnara palikuwa na lundo la vumbi jekundu linalofika kwenye kifundo cha mguu. Watu walishangaa. Miaka ya nyuma pale palikuwa pasafi.

"Pasafi kwa sababu ya baba yako," anasema Lucienne. "Kila Jumamosi alfajiri alikuja na ufagio wake. Mume wangu alikuwa akimtania: 'Anselme, unaitafuta mbingu kwa ufagio?' Aliendelea kufagia. Alipohamia kule kwa wazee hakuna aliyeendelea. Sisi wavivu."

Régine anasimama na kikombe mkononi. Anatazama chini ya ukuta, pale lilipokuwa lundo, kwa muda mrefu. Kisha anapanda jukwaa, na kwa saa nzima nyundo inasikika bila kupumzika.

Jumapili ilikuwa tarehe 13. Aliniomba niende naye. "Nikiwa peke yangu nitasema inashika," alisema. Alibeba pai ya jibini ya Maroilles, ambayo harufu yake ilitutangulia ukumbini, na ndani ya leso kipande cha chokaa iliyokauka alichokiondoa kwenye ndoo ya majaribio.

Anselme Wattelet amekonda, lakini mikono haikukonda. Ilikuwa imelala juu ya blanketi, mipana, kucha zimepasuka. Kiti chake kilielekea dirishani.

"Inashika?" akauliza.

Régine alikaa. Alifungua leso akaweka kile kipande kwenye kiganja cha baba yake.

Mzee hakuuliza ni nini. Alikibonyeza kwa ukucha. Alikinusa. Akakilamba kwa ncha ya ulimi, kama mpishi.

"Chokaa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ya mnara?"

"Ndiyo."

Kule ukumbini mtu alikuwa anasukuma kitoroli cha chai, na gurudumu moja lilikuwa linalia. Lilipita mlangoni, likaenda, likapotea.

"Umeitoa yote?"

"Imebaki upande wa kaskazini. Mita sita."

"Ilikuwa ngumu?"

"Ngumu kama wewe."

Mzee alicheka kicheko kifupi cha puani. Kisha uso wake ukakunjamana, na machozi yakashuka bila yeye kuyafuta. Régine akaanza kusema haraka, maneno yakigongana: samahani baba, nilitaka kukwambia, meya aliniita, kile kipande kiliangukia mazishi, nisingekubali mtu mwingine aiguse kazi yako...

"Nyamaza kwanza," alisema Anselme. "Unadhani sikujua?"

Akasimulia akiangalia dirisha. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 1986, ya tatu baada ya kazi. Jumamosi moja alipita chini ya mnara akaona vumbi jekundu, kiasi cha viganja viwili. Akainua macho akaona tofali moja halina uso. Alielewa hapo hapo. Alikwenda nyumbani akachukua ufagio.

"Nilifagia kabla watu hawajaja. Jumamosi iliyofuata lilikuwepo tena. Nikafagia. Kila Jumamosi, miaka thelathini na miwili. Kama kulikuwa na barafu kali, mara mbili kwa wiki."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Walinipigia makofi, Régine. Bendi ilipiga! Ningesimama mbele yao niseme nimeua mnara wa babu zao?" Alijipangusa kwa mgongo wa mkono. "Nilitaka kuitoa mwenyewe. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kisha mgongo. Ulipoanza kwenda kwenye hiyo dansi yako..."

"Ulijua?"

"Ulikuwa unarudi na chokaa kwenye nywele. Nilimwambia mama yako: mwache, huyu anakwenda kujifunza kile kitakachoniumbua. Nilikasirika wiki mbili. Baada ya hapo nilikuwa nasubiri."

Kumbe chumba hiki aliking'ang'ania kwa sababu hiyo. Walimpa kingine kizuri, chenye bustani, akakataa. Sote tulidhani ni majivuno. Yeye alikuwa anahesabu matofali ya moyo ule mweusi, kila asubuhi kabla turubai halijawekwa, kuona kama bado yametimia.

Régine aliishika mikono yote miwili ya baba yake. Pai ilipoa.

"Vumbi ulilitupa wapi?" akamwuliza hatimaye, kwa sababu lazima mtu aulize kitu.

"Nani kakwambia nililitupa?"

Nyuma ya banda la zana la Wattelet, chini ya turubai ambalo Régine alidhani linafunika kuni, kuna magunia thelathini na mawili. Tuliyafungua jioni ileile kabla jua halijazama. Kila moja limeandikwa mwaka kwa penseli ya useremala. La 1997 ni kubwa kuliko mengine. Baridi ya mwaka ule wafugaji bado wanaitaja. Yote yameshonwa mdomo kwa uzi mwekundu, mshono mdogo wa mwanamke.

"Mama," alisema Régine, na akakaa chini kwenye majani yenye umande. Mama yake, Clémence, alifariki miaka sita iliyopita. Hakuwahi kutamka neno.

Yeyote aliyewahi kujenga kwa chokaa anajua kitu kinachofuata. Chokaa peke yake huchelewa kushika, hasa mahali penye unyevu. Waashi wa zamani walisaga matofali mabovu wakachanganya unga wake humo, na chokaa ikashika vizuri, ikachukua rangi ya waridi iliyopauka. Wiki ile Régine aliosha vumbi la magunia yale mara tatu kuondoa chumvi, akalianika kwenye karatasi za nailoni ndani ya banda, akalichekecha na kutupa punje za saruji. Upande wa kaskazini, ule wa mvua na upepo, umezibwa kwa mchanganyo huo. Matofali yaliyomwagika tangu 1986 yamerudi ukutani.

Jumapili ya tarehe 20 alimpelekea baba yake kipande cha mchanganyo mpya ndani ya leso ileile. Nilikuwepo. Mzee alikibonyeza, alikinusa, akakilamba. Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha na kukunja uso.

"Umeweka maji mengi, fundi," alisema.

Régine aliichukua leso akajifunika nayo uso. Alitoka nje ukumbini. Muuguzi akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Leo, siku tano kabla turubai halijashushwa, redio imetangaza baridi kali usiku wa Jumatano. Régine ameloweka magunia matupu, yale yale yenye miaka iliyoandikwa kwa penseli, na anayatundika juu ya chokaa mbichi ili isikauke kwa pupa; juu yake ataweka majani makavu kuzuia barafu. Lucienne anamshikia ngazi na kumwambia kwamba yeye, katika umri wa Régine, alikuwa nyumbani anafuma soksi.

"Katika umri wangu ulikuwa unacheza karata na kuiba," anamjibu.

"Nilikuwa nashinda! Kushinda si kuiba!"

Mpango wa Régine kwa siku ya Watakatifu Wote ni huu. Saa nne asubuhi, kabla watu hawajawa wengi na maua yao, atakwenda kumchukua Anselme kwa gari la kazi. Amepima mlango wa gari na kiti cha magurudumu, kinapita. Ameomba kengele isipigwe, bendi isiitwe, na mtu yeyote asipige makofi.

Mita sita za upande wa kaskazini zimekamilika, isipokuwa mahali pamoja. Chini, juu kidogo ya msingi wa jiwe, ameacha ungio moja wazi, refu kama tofali moja. Jana alileta kiti cha jikoni, akakiweka mbele ya ukuta, akakaa, akanyoosha mkono kuhakikisha kwamba mtu aliyeketi anapafikia. Mwiko wa baba yake ameshauosha.